Njia ya Usui: nani alikata jina la nchi hii?

Novemba 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walikuwa wamekwama kwa mtawala Suwarora. Kilichowakwamisha ni hongo, yaani ushuru wa kupita. Walitoa nguo, wakatoa waya wa shaba, na bado Sirhid, mkubwa katika baraza la Suwarora, alikuja na madai mengine kwa niaba ya bwana wake. Suwarora mwenyewe hakukubali kuonana nao. Walipigwa danadana hadi walipoachiwa waende zao kaskazini, na tarehe 25 Novemba wakafika Karagwe kwa mfalme Rumanika, aliyewapokea kwa ukarimu.

Nchi waliyoiacha nyuma Speke aliiandika Usui katika kitabu chake cha 1863. Ukiitafuta leo kwenye ramani ya Tanzania huioni. Utaona Biharamulo na Ngara katika mkoa wa Kagera, na ukiwauliza wenyeji juu ya tawala za zamani watakutajia Rusubi upande wa Biharamulo na Bushubi upande wa Ngara. Nyakisasa, kata ya Ngara, imo katika eneo hili la Kishubi. Speke alipita tu akielekea Karagwe. Lakini jina alilolibeba kutoka huku lilifika mbali, na mimi nimelifuata jina hilo kuliko nilivyofuata nyayo zake, kwa sababu lina jambo linalowahusu watu wote wanaoandika programu za kompyuta kwa ajili ya lugha zetu.

Tazama majina hayo matatu yakiwa pamoja: Rusubi, Bushubi, Usui. Ru-, Bu- na U- ni viambishi awali, kila kimoja kikifanya kazi ya kutaja nchi. Kinachobaki ni shina moja lililosikiwa na masikio tofauti. Speke hakukijua Kishubi. Maneno yalimfikia kupitia kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani na kukaa India, na wawili hao walizungumza Kihindustani. Kwa hiyo jina lilitoka kinywani mwa mwenyeji, likapita kwa watu wa msafara waliosema Kiswahili, likamfikia Mwingereza kwa Kihindustani, kisha likaandikwa kwa Kiingereza. Ajabu ni kwamba baada ya safari yote hiyo sarufi yake ilibaki salama. Ru- iliondoka nzima, U- ya Kiswahili ikakaa mahali pake, na shina likabaki shina, ingawa b yake ilipotea njiani.

Ufundi huo haukuwa wa Speke. Ulikuwa wa wapagazi na wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakipita Kazeh, ambayo leo ni Tabora, kwenda Karagwe na Buganda. Wao ndio waliosema Uganda pale wenyeji waliposema Buganda. Richard Burton, aliyesafiri na Speke miaka michache kabla, aliieleza kanuni yao katika kitabu chake cha 1860: U- ni nchi, M- ni mtu mmoja, Wa- ni watu, Ki- ni lugha. Akataja na majina yasiyofuata kanuni hiyo, Karagwe likiwamo. Wajerumani walipokuja waliendelea na jina la watu wa msafara, wakaliandika Ussuwi kwa tahajia yao.

Sasa niruke hadi Oktoba 2020. Mwezi huo lilitoka toleo la 3.9 la Python, lugha ya kuandikia programu ambayo pengine ndiyo inayofundishwa zaidi vyuoni leo. Miongoni mwa mambo mapya ilikuwamo amri ndogo iitwayo removeprefix. Kazi yake ni kuangalia kama neno linaanza na kiambishi ulichokitaja, na kama ndivyo, kukiondoa kizima mara moja na kuliacha shina lilivyo. Yaani kompyuta ilipewa, ndani ya maktaba sanifu ya lugha hiyo (mkusanyiko wa amri zinazokuja nayo), kazi ambayo mpagazi wa 1861 aliifanya akiwa na mzigo kichwani.

Msomaji asiyeandika programu atauliza: kabla ya hapo ilikuwaje? Python ilianza kuandikwa na Guido van Rossum huko Amsterdam mwishoni mwa 1989, na toleo la kwanza likatolewa 1991. Mwaka 2000, katika toleo la 2.0, maandishi yalipewa amri zake yenyewe: kubadili herufi kubwa kuwa ndogo, kutafuta neno ndani ya neno, kubadilisha neno kwa neno, kuondoa nafasi tupu pembeni. Mwaka 2002 amri ya kuondoa nafasi tupu ikaongezewa uwezo: sasa ungeweza kuitajia herufi nyingine za kuondoa. Upande wa kushoto wa neno amri hiyo inaitwa lstrip, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Ukiipa lstrip herufi k na i, haielewi kwamba unamaanisha kiambishi ki-. Inaelewa kwamba herufi hizo mbili hazitakiwi. Inasoma neno kutoka kushoto na kutoa kila k na kila i inayokutana nayo, kwa mpangilio wowote, mara zozote zile, hadi igonge herufi nyingine. Nimeipa majina ya lugha za pembe hii ya Ziwa Viktoria, yote kwa herufi ndogo. Kishubi ikatoka shubi. Kihangaza ikatoka hangaza. Kihaya ikatoka haya, kizinza ikatoka zinza, kinyambo ikatoka nyambo. Majibu matano, yote sahihi, na mtu yeyote angeridhika akafunga kompyuta. Kisha nikaipa kikerewe, lugha ya Ukerewe, ikanirudishia erewe. K ya shina ilifuata k ya kiambishi, na zote mbili zikatupwa.

Hatari yenyewe iko hapo. Amri inayokosea kila mara hugunduliwa siku ya kwanza. Amri inayopatia mara tano na kukosea ya sita huingia katika programu, programu ikaingia ofisini, na kosa likakaa humo miaka. Ipe wa- na neno washubi, utapata shubi. Ipe waarabu, utapata rabu. Ipe wawakilishi, ambalo shina lake ni wakilishi, utapata kilishi. Kihaya nacho kina irabu mbele ya kiambishi: omwana ni mtoto, abaana ni watoto. Ukiiambia lstrip iondoe aba- kwenye abaana, itabeba na a ya shina, ikuachie na. Kwa removeprefix jibu ni ana, na kazi imekwisha.

Ni kweli kwamba hata kabla ya 2020 mwandishi mwangalifu hakukosa njia. Aliuliza kwanza kama neno linaanza na kiambishi, kisha akahesabu herufi za kiambishi, kisha akakata neno kuanzia hapo. Mistari miwili tu. Lakini kila mtu aliiandika upya kwa mkono wake, na wengine walihesabu herufi kwa macho wakaandika tarakimu. Kiambishi kikibadilika tarakimu ikabaki ile ile, na neno likakatwa mahali pasipo. Dennis Sweeney, aliyeandika pendekezo la amri mpya Machi 2020, alionyesha mifano ya ukataji huo ndani ya misimbo ya Python yenyewe. Walioijenga nyumba nao walikuwa wanaukosa mlango huo huo.

Lugha nyingine za programu zilitangulia. Go ilikuwa na amri ya namna hiyo tangu 2013. Ruby iliipata Desemba 2017. Rust iliikamilisha Julai 2020, miezi michache tu kabla ya Python. Kwa upande wa JavaScript, lugha inayoendesha karibu kila ukurasa wa intaneti, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi: ilizaliwa 1995, na haikuwa na amri sanifu hata ya kuondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa maandishi hadi 2009. Aliyewahi kushughulika na orodha za majina anajua uzito wa hilo. Nafasi tupu moja iliyobaki baada ya jina, isiyoonekana kwa macho, inatosha kumfanya mwanafunzi mmoja aonekane wawili.

Mwaka 2016 upungufu wa JavaScript ulionekana na dunia nzima. Kulikuwa na kipande cha programu kiitwacho left-pad, mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi au tarakimu upande wa kushoto wa maandishi hadi yafikie urefu unaotakiwa. Kwa kuwa maktaba sanifu haikuwa na kitu hicho, programu nyingi zilikitegemea, nyingine bila waandishi wake kujua. Machi 2016 mwandishi wake, Azer Koçulu, akakiondoa baada ya mgogoro wa jina la programu yake nyingine, na kazi za watu duniani kote zikasimama kwa saa kadhaa. Mwaka uliofuata amri ya kufanya kazi hiyo ikaingizwa rasmi katika lugha. Naona tukio hilo lilisema wazi kuliko hoja yoyote: kisichokuwamo katika maktaba ya wote hukaa mikononi mwa mtu mmoja.

Wasimamizi wa lugha hizi hawakuwa wazembe. Amri ikishaingia katika maktaba sanifu hutunzwa miaka mingi, maana watu wataijengea juu yake. Kila wiki kuna mtu anayeomba yake iongezwe. Kwa hiyo walizoea kusema hapana, na mara nyingi walikuwa sahihi. Lakini swali la ni amri ipi ya lazima na ipi ya ziada hujibiwa na aliye mezani, kwa kutazama maandishi anayoyashughulikia yeye. Mifano iliyosukuma removeprefix ilitoka hasa kwenye majina ya faili na misimbo ya kompyuta. Lugha za Kibantu, ambamo karibu kila nomino hubeba kiambishi, hazikuwa sehemu ya hoja.

Historia ya kutokuwapo kwetu mezani ni ndefu kidogo. Fortran ya 1957 ilitengenezwa kwa hesabu za wanasayansi, na maandishi yalikuwa mgeni ndani yake. Ilibidi lugha hiyo isubiri hadi toleo la 1977 ipewe aina rasmi ya data kwa ajili ya herufi. Mwaka 1962, katika maabara za Bell huko Marekani, ilizaliwa SNOBOL, lugha iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchambua na kubadili maandishi. Wakati huo Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwezi Desemba uliotangulia. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mfumo wa hesabu ulipoleta hasara na vurugu, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, mwaka 1974. Sababu zilikuwa na uzito wake: fedha za kigeni zilikuwa chache na hasara ilikuwa imeonekana. Hata hivyo miaka hiyo ndiyo ambayo desturi za kushughulikia maandishi kwa kompyuta zilikuwa zinawekwa, na sisi tukiwa nje.

Wakati huo huo kulikuwa na njia nyingine ya kushughulikia viambishi, ya wanaisimu, iliyoanzia karibu na siku zile zile za Speke. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, akifanya kazi Cape Town, alitoa sehemu ya kwanza ya sarufi linganishi yake, na katika sarufi hiyo akazipa ngeli za nomino namba. Ndipo ilipoanza desturi, inayofuatwa mpaka sasa, ya kusema ngeli ya 1 na ya 2 kwa mtu na watu, ya 7 na ya 8 kwa kitu na vitu. Bleek alielewa kwamba kiambishi si pambo mbele ya neno. Ni kiungo kinachoamuru sentensi nzima: kitu kikubwa kimeanguka, vitu vikubwa vimeanguka.

Mwaka 1948 Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa kanda na namba, Kishubi kilipata D64 kwa jina la Subi, na Kihangaza D65. Viambishi vilikatwa kwa utaratibu. Desturi hiyo ikaendelea hadi kwenye orodha ya kimataifa ya lugha iliyoidhinishwa 2007, ambamo Kishubi ni Shubi, alama yake suj, na Kihangaza ni Hangaza, alama yake han. Ukitengeneza simu au kompyuta inayotaka kuitambua lugha ya mtu wa Nyakisasa, alama utakayotumia ni hiyo suj. Sina ugomvi nayo, maana inafanya kazi. Ninalolitaka ni kwamba anayeikata Ki- na anayeirudisha wote wajue wanachokifanya.

Watunga kamusi nao walilazimika kuamua wakate wapi. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, iliyotolewa chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliweka maneno mengi chini ya mashina ya vitenzi, hata umtafute mpishi chini ya pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 ilimweka mpishi kwenye m. Njia zote mbili zinamtaka msomaji ajue kuvua neno kabla hajafungua kitabu. Mtoto aliyekutana na wawakilishi gazetini lazima afike kwenye mwakilishi kichwani mwake kwanza. Kazi hiyo ya kichwani ndiyo ambayo kompyuta ilishindwa kuifanya kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyeifundisha.

Aliyeifundisha kwa bidii ni Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kimmo Koskenniemi, wa Helsinki pia, alikuwa ametoa mwaka 1983 mbinu ya kuchambua maneno kwa ngazi mbili: ngazi ya neno linavyoandikwa, na ngazi ya vipande vilivyoliunda. Mbinu hiyo ilibuniwa kwa kuanzia na Kifini, lugha ya viambishi tamati kwa wingi. Hurskainen aliichukua kuanzia katikati ya miaka ya 1980 akaigeuzia upande wa mbele wa neno, kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya kazi hiyo. Programu zake zinalichambua neno kama hawakutuambia hadi mwisho: kanusho, nafsi, wakati, mtendwa, shina. Huo ni utumishi mkubwa kwa Kiswahili, nami naona unasemwa kidogo mno katika nchi yenyewe.

Kazi yake inaonyesha pia ni kwa nini removeprefix peke yake haitoshi. Chukua walimu. Ukiondoa wa- unapata limu, na hakuna shina hilo. A mbili zilikutana zikawa moja, na shina ni alimu. Chukua wakati. Ukiondoa wa- unapata kati, ambayo ni neno kweli, lakini si shina la wakati, kwa maana wa- ya pale si kiambishi cha watu. Ili kompyuta isikosee inahitaji orodha ya mashina, ngeli zake, na kanuni za irabu zinapokutana. Amri ya maktaba sanifu inatoa msumeno ulionolewa vizuri. Fundi bado anatakiwa awe na ujuzi wa mbao.

Kwa Kishubi ujuzi huo upo. Uko kwa wazungumzaji wa Ngara na Biharamulo, ambao hawakosei kiambishi hata mara moja kwa siku nzima. Uko pia katika kazi kama Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa 2009 na mradi wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iliweka lugha hizi kwenye ramani. Kinachotakiwa sasa ni watu wanaozijua lugha hizo na wanaojua kuandika programu wakutane katika mtu mmoja au katika meza moja. Python haidai malipo ya leseni, haidai mashine kubwa, na tangu 2020 ina amri ya kuanzia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vijana wa Kagera wanaosoma kompyuta vyuoni, popote walipo. Andikeni orodha ya mashina ya Kishubi, au ya Kihangaza, au ya lugha ya bibi yenu. Kila shina lipeni ngeli yake, umoja na wingi, na irabu yake ya mbele kama ipo. Andikeni kanuni za kukata na kanuni za kurudisha. Zijaribuni kwa maneno magumu kwanza, yale ya mfano wa kikerewe na wawakilishi, kabla ya yale mepesi. Kisha ziwekeni wazi ili mwingine asianze upya, na msingoje mtu wa Amsterdam au Helsinki aone haja hiyo kabla yenu.